Tabaga Nusu

Mizani ya Entebbe haijui undugu:
kilo ishirini na saba na nusu.
"Punguza, mama," kijana wa kaunta ananiambia,
nami napiga magoti mbele ya foleni,
navuta zipu,
na nyumba yangu ya Bombo inamwagika sakafuni.

Mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo siigusi
karanga ya kusaga, makopo matatu
niliyoyafunga kwa mifuko na Ayatul Kursiyu.
Siigusi bamia kavu, wala ufuta,
wala senene niliowanyonyoa mbawa mmoja mmoja
nikihesabu miaka ambayo sijamshika Kaltuma:
sita, na miezi.

Natoa viatu vya Idi. Natoa gurbaba ya pili.
Natoa sweta, ambalo kila mtu alisema
ndilo uhai wenyewe kule.
Ishirini na tatu kamili.
"Utaganda, mama."
"Nitavaa la mwanangu," namjibu.
"Yeye alinivaa mimi mwenyewe, miezi tisa."

Askari anaupeleka mfuko mlangoni
kwa Marjani, mwana wa dada yangu,
aliyesimama nje ya kioo, ameshika simu yake
kama anayenipiga picha ya mwisho.
Namwashiria aende. Haendi.

Ubalozini, Kampala, palikuwa na kioo kingine.
Mwanamke wa nyuma yake aliuliza mambo
ambayo jirani haulizi hata kwa maiti:
benki una kiasi gani, nani anakulisha,
kisha, bila kuinua macho,
"Tutajuaje kwamba utarudi?"

Marjani alinifundisha majibu, daftari zima.
Yote yakapeperuka.
Hati ya shamba sina. Mume nilimzika, Ramadhani ya juzi tu.
Nikasema: nimeacha tabaga nusu.
Mkalimani akanigeukia. Nusu ya nini?
Tabaga, nikasema, sinia ya ukindu,
nyekundu na kijani na zambarau,
tunayomfunikia mgeni chakula.
Nimefika mzunguko wa kumi na nane. Iko chini ya kitanda.
Kwetu mwanamke haachi duara likiwa wazi.

Sijui alitafsiri nini. Maneno yake yalikuwa mafupi mno.
Wiki tatu baadaye pasipoti ikarudi na kibandiko,
na mtaa mzima ukaja kunituma.
Mama Kenyi alileta kashata za mwanawe aliyeko Lisboni:
"Si hukohuko Ulaya? Utampitia jioni."
Nikazipokea. Ningemwambia nini,
kwamba nami sijui ni wapi ninapokwenda,
ila kuna theluji, na kuna sauti ya Kaltuma
inayokatikakatika kila akitaka kulia?

Kiti changu kiko dirishani. Nimekaa na mkoba mapajani,
kama kwa daktari.
Tangu nizaliwe sijawahi kulala mahali
ambapo hakuna anayelijua jina la mama yangu.
Usiku wa leo nitalala hewani.

Ndege inakimbia, inakimbia, kisha inasahau ardhi.
Ziwa linasimama wima dirishani,
mtu angedhani litatumwagikia,
halafu linatulia, na visiwa vya Ssese
vinabaki kama majani ya mchicha kwenye bakuli.
Upande wa Bombo sioni. Nimekaa upande usio wake.

Kwenye ukosi wa gauni naokota uzi wa ukindu, wa zambarau.
Nauzungusha kidoleni, nauzungushua.

Mjukuu wangu anaitwa Astrid.
Ana miaka minne, na kichwa chake, nimeona kwenye simu,
hakuna anayejua kukisuka.
Nafanya mazoezi ya jina kwa sauti ya chini:
Asitiridi. Asitridi. As-tri-di.
Abiria wa pembeni anainamisha kichwa kwa heshima.
Anadhani nasoma dua.
Namwacha adhani.