Hesabu ya Konokono

Walikuja wawili, au mmoja mwenye mimba
(konokono huyu, nasikia, hangoji mume),
wamejibanza chini ya jani la mmea wa maji
nilioununua Kibuye kwa shilingi hamsini,
umefungwa kwenye karatasi kama sukuma wiki.
Niliuosha mbiombio, nikaupanda kwenye kokoto.
Mgeni, walisema wa kale, siku ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu hawa walikuwa wameshalima kioo kizima.

Tangi si langu. Ni la Abuto, kitinda mimba wangu,
aliyepata kazi Nakuru, akaniachia funguo na samaki.
“Ni sita tu, Mama. Hawatakusumbua.”
Sita.
Mimi niliyekuwa karani wa mizani
kiwandani Muhoroni, miaka ishirini na saba,
trekta baada ya trekta, sikukosea tani ya miwa,
nikashindwa kuhesabu kilichotambaa kiooni
saa moja asubuhi, chai mkononi.

Nilianza kwa vidole. Kisha kibano cha nyusi.
Mayai yao ni kamasi iliyotiwa nukta;
nikayakwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.
Muuza dawa za mifugo pale Kondele
akanishushia chupa ya buluu: shaba hii, inaua papo hapo.
“Na samaki?”
Akatazama nje, kana kwamba mvua imeanza.
Nikairudisha chupa juu ya kaunta.

Jirani yangu Nerea alicheka hadi akashika ukuta:
“Ziwa lote liko pale, na wewe unafuga maji!”
Lakini ndiye aliyenifunza tego la tango:
kipande kimoja, kichemke kidogo kilainike,
kichomekwe uma ili kizame, taa izimwe.
Alfajiri nikakuta harusi.
Wamejazana meza moja, pembe zikipepea,
nami bila haya nikainua sinia pamoja na waalikwa.
Sitini na wanane. Nikaandika daftarini.
Kesho yake arobaini na mmoja. Hamsini na watano.
Sitini na tisa.

Hapo mkono wa karani ukagoma.
Rundo lisilopungua, kuna mtu analijaza kwa nyuma.
Nikavuta stuli, nikajipima mwenyewe:
chakula asubuhi, kwa kuwa nimeamka;
chakula saa saba, kwa kuwa nimepika osuga
na hakuna wa kuniambia chumvi imezidi;
chakula jioni, kwa kuwa Abuto hajapiga simu;
na usiku kidogo tena, kwa kuwa amepiga.
Samaki sita, tumbo la kila mmoja halizidi jicho lake.
Kilichobaki kilishuka kwenye kokoto,
na kokoto ikazaa.

Mmoja wa wale sita ni fulu, mzito wa taya,
Abuto alimtoa Dunga kwa mvuvi aliyeapa
kwamba huyu huvunja konokono kooni.
Miezi yote hajagusa hata kigamba.
Avunje jiwe la nini, na ugali umeshatengwa?

Basi nikafunga mkono.
Kichomoko kimoja cha vidole, mara moja kwa siku,
Jumapili hakuna.
Juma la kwanza aliniegemea kioo
kwa uso ule ule wa Abuto akidai nauli.
Niligeuka, nikakunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Usiku wa tisa stima ilipotea, pampu ikanyamaza.
Nilikuwa kwenye kochi, macho wazi.
Nikasikia: ka.
Kidogo, kama punje ya simsim chini ya jino.
Nikangoja sana.
Ka.

Hawajaisha. Leo asubuhi ni kumi na wawili,
wanalamba ukijani ule wa kioo cha nyuma
ambako mkono wangu haufiki.
Tango nimekula mwenyewe, kwa chumvi.
Abuto amepiga: “Mama, konokono wamekwisha?”
Nimemwambia wanatosha.