Mtamba

Jumatatu hadi Jumamosi ni ya maziwa:
mikebe miwili kushoto, mmoja kulia,
na gunia la pumba nyuma, abiria mnene asiyelipa.
Tanki limebonyea
pale fahali wa kina Wepukhulu alipoligonga kwa swali.
Mama huiita Mtamba.
Haijazaa, asema, lakini kula inakula.

Jumapili moja ya Agosti nikafungua mikebe,
nikafunga sufuria, turubai, petroli ya chupa,
mahindi mabichi kumi na mawili,
nikamwambia Naliaka: Panda.
Mpaka wapi?
Mpaka ikatae.

Kamukuywa ikabaki nyuma na lami yake.
Kapsokwony, kanisani, walikuwa bado wanaimba.
Baada ya Kaberwa barabara ikaacha kujifanya barabara,
ikawa mfereji mwekundu wenye mawe ya kuuma.
Gia ya kwanza. Gia ya kwanza. Gia ya kwanza.
Naliaka akashuka, akasukuma, akanitukana, akapanda tena.

Kwenye mianzi waya wa klachi ukakatika.
Tuliushona kwa waya wa seng'enge na kibanio cha nywele zake.
Kwenye mto, gogo moja tu;
tukaibeba, yeye mbele mimi nyuma,
kama tunavyobeba ndama aliyezaliwa bondeni usiku.
Ndiyo faida ya kitu kidogo:
kikishindwa kukubeba, unakibeba.

Juu ya Laboot miti ikaisha.
Upepo, nyasi, baridi ya kutafuna masikio.
Injini ikapiga chafya, hewa haikuitosha,
ikaenda kwa mwendo wa mtu mwenye pumu
anayekwenda harusini kwa lazima.

Mama mmoja wa Chepkitale, blanketi begani,
alinusa fremu, akaangalia pale mikebe hukaa.
Mnauza maziwa?
Leo hatuna.
Basi mmeleta nini?
Hatujaleta.
Mmefuata nini?
Nikamtazama Naliaka. Naliaka akatazama magurudumu.
Tumekuja kuona, nikasema,
na neno lile likaonekana jembamba sana mbele ya ng'ombe wake.
Akacheka mpaka akakohoa.
Tukachoma mahindi. Akala matatu.
Asubuhi akatufungia dumu la asali:
Mpelekeeni binti yangu Kapsokwony, Chemtai, anashona sare karibu na posta.
Msilimwage.

Kushuka, Mtamba ilitulia.
Ilikuwa na mzigo. Ilijua la kufanya.

Tulifika usiku wa Jumatatu, maziwa ya siku nzima yamekwenda kwa punda wa jirani.
Mama hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko kusema.

Jumanne saa kumi na moja alfajiri nafunga mikebe.
Matope ya mlimani yamekauka kwenye breki.
Kwenye spoki, unyasi mmoja mrefu, wa kijivu, wa kule.
Ng'ombe akanyoosha shingo,
akauvuta, akautafuna polepole,
akaniangalia
kama mtu aliyewahi kufika.