Pua Haikai Eda

Chupa ni ndogo, ya kijani kilichofifia,
nimeinunua Sib kwa riali sita baada ya kubishana.
Muuzaji alinisukumia udi, ambari, miski:
"Dada, hicho cha watoto, hakifiki magharibi."
Nikamwambia nje ni nyuzi arobaini na sita,
anayetaka kufika magharibi na apande gari.

Ndani yake mna mtini. Si tunda, jani,
lile jani la kukwaruza, ukilivunja kikonyo
linatoa maziwa yanayowasha vidole.
Na juu ya jani, ganda la ndimu na balungi
lililomenywa sasa hivi, kisu bado kibichi.

Ndimu haina subira.
Naipaka kwenye mkunjo wa kiwiko, nyuma ya sikio,
natoka mlangoni, nafika kwenye gari
(hatua ishirini na mbili, usukani wa kushikwa kwa kitambaa)
na ndimu imeshaaga.
Kinachobaki ni kivuli.
Sijui kukisema vingine: jasho linatoka,
na chini ya jasho pana mahali pamepoa.

Mama alikuwa edani.
Baba tulimzika Machi, siku bonde lilipofurika
likaikata barabara ya Rostaki,
na tangu siku ile kwake hakuna wanja, hakuna hina,
hakuna udi, hata sabuni ya halwaridi hakuna.
Nilimletea ile ya duka la dawa ninakofanya kazi,
nyeupe, inanuka karatasi.
Mimi nikawa najipaka garini, kama mwizi.

Wiki ya tatu akaniita toka chumbani:
"Zayana, jana ulizidisha ndimu. Nguo zako zinasema."
Nikaganda, funguo mkononi.
"Eda ni ya mke, mwanangu.
Pua yangu hakuna aliyeiposa."

Basi kila asubuhi nasimama kizingitini,
yeye kitandani, hewa katikati yetu.
Leo jani. Leo ganda.
Leo umechelewa kuamka, hukupaka kitu.

Juni akitoboa ndimu kavu za mchuzi wa papa
alikaa na vidole puani, muda, mpaka sufuria ikalia.
Akampigia Bi Rayya, msomi wa mambo haya:
ndimu ya samaki ni manukato?
Bi Rayya alicheka hadi simu ikakatika.
Jibu hatujalipata mpaka leo.

Usiku ule ndipo aliponiambia
kwamba baba udi ulimuuma kichwa, miaka thelathini na minane,
na hakusema kwa mtu ila kwake.
Kila kiangazi alipanda Jabal Akhdhar
akarudi na tini ndani ya kofia ya viua,
mikono imewashwa mpaka viwikoni,
ananuka maziwa ya mti, vumbi, jua.
"Na mimi namfukuza akaoge," mama alisema.
"Kila mara. Hajakaa, namfukuza akaoge."

Miezi minne na siku kumi ikatimia.
Wakaja mashangazi na vyetezo, udi wa bei,
nyumba ikafuka, kengele ya moshi ikapiga kelele.
Mama akapita katikati ya ule moshi
kama mtu anayepokea salamu za wengi,
huyu asante, huyu asante.

Walipoondoka akanyoosha mkono.
"Mara moja tu. Usirudie."
Nikapuliza. Ndimu ikaruka, ikaondoka zake,
ndimu ndivyo ilivyo.
Akainuka akazima kiyoyozi.
"Mama, tutaiva!"
"Nyamaza. Kitu hiki kinataka joto."

Tukakaa gizani, Agosti imetukalia vifuani,
jasho likishuka shingoni, mashavuni, sikuuliza lipi ni lipi.
Mkono wake ulikuwa karibu na uso wake
na hakuushusha.
Kitambo.
Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Hajaoga," akasema.
"Mwache."