Neno Moja

Mimi ni mpiga picha wa matumbo,
chumba cha mwisho, mlango usiofungika vizuri.
Kazi yangu ni jeli baridi, kitambaa, na kusema:
Vuta pumzi. Ishikilie. Achia.

Mwezi wa pili alilala kitandani Sinyori Ettore,
wa nyumba ya mivinje kule Casuarina.
Mwezi wa nne akalala Mwaringa wa Muyeye,
bawabu wa lango la nyumba hiyo hiyo.

Kwenye kioo changu hakuna mweusi, hakuna mweupe,
kuna kijivu tu.
Maini mawili yenye vinundu kama ganda la topetope.
Ungenipa picha bila majina
nisingejua nani tajiri, nani wa lango.

Hata chupa ilikuwa moja.
Ettore akishanywa hadi usiku wa manane,
kilichobaki Mwaringa alikimalizia jikoni kwa kikombe cha chai.
Bwana akisafiri, mnazi.
Mnazi ukiadimika, kile kisicho na jina
kinachopimwa kwa kifuniko.

Ettore alikuja kwa sababu alihema akipanda ngazi.
Mwaringa alikuja tumbo limemficha miguu yake mwenyewe,
ameshauza mbuzi wawili,
ameshakunywa mizizi,
ameshaambiwa ni bandama, ameshaambiwa ni jirani.

Ettore akaruka na ndege.
Nasikia amenenepa kidogo, anakunywa maji ya limau,
anamtumia mpishi picha za theluji.
Mwaringa tulimtoa maji lita saba,
wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka chooni.
Siku ya nane shuka lilikuwa limeshabadilishwa.

Daktari mgeni aliyekuwa akipita akasema:
Hawa damu yao haiwezi pombe.
Nikatikisa kichwa kama mtu anayekubali.
Sikumuuliza damu hiyo hupimwa kwa nini,
kwa sindano, au kwa nauli.

Jana akaja Mbeyu, mjane, faili chini ya leso.
"Nisomee, mwanangu. Mume wangu aliumwa nini hasa?"

Nikautambua mwandiko. Ni wangu.
Nikaikumbuka na fomu ya Ettore, kalamu ile ile:
Ini limechoka. Apate kupumzika.
Na hii hapa, mstari wa kwanza kabisa,
niliouandika hata jeli sijaifungua:
Mlevi.

Nikasoma: mwanamume, miaka arobaini na sita, mlinzi.
Ini limesinyaa. Maji tumboni.
Mbeyu akaitikia kila kituo
kama anayeitikia dua. Haya. Haya.

Binti yao Dama, wa darasa la sita,
alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.
Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Umeruka neno moja," akasema.