Deni Amegoma

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu,
tumekutana mbele ya duka la Mama Ng'hwani, bado limefungwa:
mimi, Lushinge, Nyanzala,
na Bwire aliyeapa wiki nzima kwamba haji.
Na mbwa watatu.
Wa Nyanzala anaitwa Watasema,
jina la kuwafikia majirani kila akiitwa kula.
Wa Lushinge ni Kasuku, hajawahi kubweka.
Wa Bwire ni Deni:
alitolewa na mtu aliyeshindwa kulipa elfu arobaini,
akaja na riba yake, viroboto.

Tunapanda Bugarika kwa upande wa mawe.
Kwanza ngazi za saruji, kisha ngazi za udongo,
kisha hakuna ngazi.
Nyumba zimetua juu ya majabali kama kuku waliokosa banda,
na ukipita mlangoni pa mtu unabisha hodi
hata kama huingii.
"Hodi, tunapita."
"Piteni. Na mbwa hao?"
"Nao wanapita."

Katikati ya mlima mama mmoja anaponda kokoto,
amejifunga vipande vya mpira wa baiskeli vidoleni.
Anauliza tunatafuta nini huko juu.
"Tunatembea tu," anasema Lushinge.
Nyundo inasimama hewani.
"Mnatembea,"
analirudia neno kama anayeonja mboga isiyo na chumvi.
Binti yake anapanda na ndoo ya lita ishirini kichwani,
kandambili miguuni, hahemi,
na sisi na viatu vyetu vya mazoezi
tunajibana ukutani kumpisha.
Kasuku anamfuata, analamba matone.

Pimbi wametoka kuota jua.
Watasema anawaona, anasahau malezi yote,
anakwama kwenye ufa,
kiuno nje, heshima ndani.
Nyanzala anavuta na kuita, anaita na kuvuta,
mtaa wote unasikia: Watasema! Watasema!
Kutoka jiko fulani mtu anajibu,
"Waache waseme!"

Chini ya jiwe la mwisho, Deni amegoma.
Amekaa kitako, masikio nyuma,
anatazama pembeni kama hatujui.
Bwire naye amekaa, upesi mno.
"Siwezi kumwacha mbwa," anasema,
na mikono yake imeshika nyasi.
Hakuna anayecheka.
Tunaijua ile nguzo ya umeme, mwaka juzi, akiwa kazini,
na miezi minne aliyolala Bugando
akikitazama kilima hiki dirishani,
siku akiwa na jua, siku akiwa na mvua,
akiwahesabu watu wadogo wakipanda na ndoo.

Tukapanda bila yao.
Juu kuna upepo, na shati linajipiga makofi.
Ziwa ni bati jipya.
Kivuko cha Kamanga kinajikokota kama sisimizi mwenye mzigo,
na mbali kabisa sami wamesimama juu ya maji
kama moshi wa jiko lisiloonekana.
Tulipiga picha, zote tumefumba macho.
Kisha sauti ikatoka chini:
"Dirisha langu linaonekana?"

Hospitali iko pale, ukuta na madirisha,
madirisha, madirisha.
Nikahesabu ghorofa, nikapotea, nikaanza tena.
"Linaonekana," nikasema.
"Limefungwa?"
Lushinge akanitazama.
"Limefunguliwa."
Kimya.
Nikachungulia ukingoni:
Bwire anakata chapati yake vipande viwili,
kikubwa anampa Deni.

Kushuka, Deni alitangulia,
mkia juu, kama aliyelipwa.
Mama wa kokoto akatuona, akafuta jasho kwa kiwiko.
"Haya, mmekipata?"
"Bado," akajibu Bwire. "Jumapili ijayo."
Nyundo ikapanda, ikashuka.
"Basi mje na ndoo."