Volti Mbili

"Betri imekufa," alisema kabla hata hajashuka.
Gari halikuja lenyewe: lilisukumwa
na vijana watatu wa bodaboda toka mzunguko wa Arua
hadi kibandani kwangu, wakidai elfu tano na soda.

Corona ya mwaka themanini na saba, rangi ya chai ya maziwa,
mlango wa nyuma kijani, urithi wa gari jingine, marehemu.
Mwenyewe ni Bi Ayikoru, mkunga, zahanati ya njia ya Vurra.
Betri ya tatu hii tangu Pasaka.
Ya kwanza aliambiwa kuukuu.
Ya pili aliambiwa feki.
Ya tatu alinunua kwa risiti, na risiti anayo,
ameikunja ndani ya daftari la kliniki
kati ya kurasa za uzito wa watoto.

Nikaomba kimya kidogo. Mimi husikiliza kwanza.
Akageuza ufunguo: tk. tk. tk.
Starta inabisha hodi, ndani hamna mtu.
Au yupo, hana nguvu ya kuinuka.

Vichwa vya betri vimeota unga mweupe, ukijani kwa mbali.
Nikaumwagia maji moto, nikausugua kwa mswaki
(mswaki wa Drani, mwanafunzi wangu,
ambaye hadi leo anautafuta).
Mkanda nikaubonyeza kwa gumba: umekaza.
Mita ikasoma kumi na moja nukta nane.
Hii si maiti, mama. Hii ni njaa.

Tukaazima nguvu kwa pikapu ya muuza mihogo,
chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha injini.
Corona ikakohoa, ikawaka, ikatoa moshi wa aibu.
Tukaondoa nyaya, nikapima tena betrini:
kumi na mbili kasoro kidogo.
Injini inanguruma, betri haipati kitu.

"Basi ni alteneta," akasema mtu aliyesimama tu,
maana boneti ikifunguliwa, mafundi huota kama uyoga.
"Ninayo moja, ya Dubai. Laki tatu."
Bi Ayikoru tayari anafungua mkoba.

Nikasema ngoja.
Nikaipeleka ncha ya mita mgongoni mwa alteneta:
kumi na nne nukta tatu.
Kumbe mzee anafanya kazi!
Miaka yote hiyo anazunguka gizani, anapika, anapakua,
na mezani watu wanalala njaa.
Ncha moja kwake, nyingine kwenye chanya ya betri:
volti mbili na ushei
zinapotea njiani,
ndani ya waya usiozidi urefu wa mkono wangu.

Na kwa macho waya ulikuwa mzuri.
Umevikwa utepe mweusi, umelala ubavuni mwa injini, mtiifu.
Taa nyekundu ya dashibodi haikuwahi kuulalamikia.
Nikauchana kwa wembe.
Ndani, shaba imegeuka kijani, ungaunga,
nyuzi nne tu zimeshikana mikono.

Aliyetuma alituma.
Aliyengoja alingoja.

Bi Ayikoru akainama, akautazama muda mrefu
kama anayesikiliza mapigo ya kichanga.
"Nina shemeji wa hivi," akasema.
Hakuongeza. Nami sikuuliza.

Drani akakata waya mpya, mnene.
Tukabana, tukalehemu, tukapaka grisi.
Kumi na nne nukta moja.
Washa taa za mbele, feni, wipa zifute jua:
kumi na tatu nukta tisa.
Mwenye alteneta ya Dubai alikwishaondoka.

Nilisema elfu ishirini na tano, akalipa thelathini,
akaomba apewe ule waya wa zamani.
Nikaufunga kwenye gazeti kama samaki.
Kazini kwake ni njia ya Vurra.
Alipogeuza gari alishika ya Koboko,
waya umekaa kiti cha mbele,
taa zote zinawaka, saa saba mchana.