Kijiti Katika Rundo

Mwaka ule mfuko wa mbolea ya dukani
ulipanda bei mara mbili kabla ya masika.
Nilitoka kwa Minja na mkoba mtupu,
nikapanda Kibosho kwa miguu, nikihesabu.

Ng'ombe sina. Wa Mama Eliaichi yupo,
anakula ndani, haoni jua, ananyea kwa wingi.
Tukaelewana: mzigo mmoja wa majani
kwa ndoo mbili za samadi,
na nisimletee yenye miiba.

Jumapili ya kwanza nikakutana na waliotoka misa,
ndoo kichwani, maji yake yakichuruzika shingoni.
Pua ziliitika salamu kabla ya vinywa.
"Umepotea kanisani," shemeji akasema.
"Nimepotelea zizini," nikapita.

Miche ya kwanza niliiua mwenyewe.
Niliipa samadi mbichi, ikanyauka
kama iliyomwagiwa chai ya moto.
Mama Eliaichi alicheka hadi akashika ukuta.
"Samadi ni kama hasira," alisema. "Ilaze kwanza."

Basi nikailaza.
Chini vigogo vya migomba nilivyokatakata,
kisha maganda ya maharage, makapi ya kahawa,
majivu kidogo, samadi, majani mabichi, samadi tena,
na shati la Ndetaramo, la pamba,
ambalo halikufaa tena hata kudekia.
Nikafunika. Nikachomeka kijiti katikati.

Kila siku ya tatu nilikichomoa, nikakishika.
Wiki ya pili kilikuwa na joto
la paji la mtoto mwenye homa.
Nikageuza, nikanyunyizia, nikafunika.
Asubuhi za baridi, mlima umejificha,
rundo langu lilikuwa likitoa mvuke peke yake
na kuku wamelilalia. Niliwafukuza. Walirudi.

Miezi minne, kijiti kikatoka baridi.
Hakikunuka zizi, kilinuka mvua.
Nikachekecha kwa wavu wa dirisha:
mgomba sikuuona, maganda sikuyaona,
kola sikuiona, wala ule mfuko wa kifuani
alimokuwa akiweka ugoro.
Kilibaki kifungo kimoja, cheupe, matundu manne.

Nilikifuta kwa kanga.
Miche ilikuwa inasubiri, na jua lilishapanda.

Sasa sukuma wiki yangu ina majani kama sinia.
Waliotoka misa husimama langoni, fungu mia tano,
na shemeji huuliza naweka dawa gani.
Mavi, namwambia, na makapi, na kungoja.
Shati simtajii.